Betri ya Kupashia Vifaranga Joto: Ipandishe Kwenye Mzani Kabla ya Kulipa

Katika kipupwe cha mwaka jana nilipoteza vifaranga 31 kati ya 60 kwa usiku mmoja, katika banda langu la nyuma ya nyumba huku Kisauni. Wasiofuga hushangaa kusikia kwamba kifaranga anaweza kufa kwa baridi Mombasa, lakini kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, ilhali usiku wa Julai hapa kwetu hushuka hadi nyuzi 21 au 22, na upepo wa kusi hupenya kila tundu la makuti. Nilipofungua mlango baada ya swala ya alfajiri niliwakuta wamerundikana kwenye kona moja, wa chini wamekwisha kufa kwa kubanwa na wa juu wangali wakilia. Balbu zote mbili za kuwapasha joto zilikuwa zimezimika.

Mfumo wa sola uliowasha balbu hizo ulikuwa na miezi miwili tu: paneli ya wati 150, kontrola (kifaa kinachosimamia kuchajiwa kwa betri), na betri iliyobandikwa karatasi inayosema volti 12, ampea-saa 100, yaani kiasi cha umeme inachohifadhi. Kundi la kwanza la vifaranga lilikuwa limepita salama, ndiyo maana sikuwa na wasiwasi. Fundi alinishauri ninunue paneli kubwa zaidi. Sikumsikiliza. Niliipakia betri kwenye tuktuk nikaipeleka soko la Kongowea, nikamwomba muuza vitunguu mmoja aniazime mzani wake. Ilikuwa na kilo 14 na nusu.

Hili ndilo jambo ambalo miongozo mingi ya kununua sola hailigusi. Betri ya kweli ya risasi na asidi yenye ampea-saa 100 huwa na uzito wa kilo 28 hadi 30, kwa sababu umeme wake huhifadhiwa katika mabamba ya risasi, na hakuna namna ya kupunguza risasi bila kupunguza umeme. Nilikuwa nimelipia betri nzima nikapewa nusu. Tena betri ya aina hiyo haitakiwi kutumiwa zaidi ya nusu ya uwezo wake kila usiku, la sivyo huchakaa upesi. Balbu mbili za gari za wati 21 kila moja, zikiwaka saa 12, hula takriban wati-saa 500. Betri ya kweli ina wati-saa 1,200 (volti 12 mara ampea-saa 100), nusu yake ni 600, kwa hivyo inatosha. Yangu ilikuwa ikikamuliwa karibu yote kila usiku. Mwanzoni ilifika asubuhi, baadaye ikawa inakata saa kumi, kisha saa tisa, saa zile zile ambazo baridi ni kali zaidi na mwenye banda amelala.

Kwa hivyo sitapoteza muda kujadili rangi ya paneli wala nchi inakotoka. Paneli ya wati 200 kutoka duka lolote linaloaminika itafaa banda la vifaranga 50 hadi 100, mradi isifunikwe na kivuli cha mnazi. Shida iko kwenye betri na kontrola.

Ninachokiweka mbele ya vyote ni betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4 ya ampea-saa 100, ikiungwa na kontrola ya Victron SmartSolar 75/15. Sifichi kwamba ninaipendelea Victron, kampuni ya Uholanzi iliyoanzishwa mwaka 1975, na sababu yangu ni moja: inasema ukweli. Unaifungua kwenye simu kwa bluetooth, na inakuonyesha kumbukumbu ya siku 30, kila siku imevuna wati-saa ngapi na volti ya betri ilishuka hadi wapi. Ningekuwa nayo mwaka jana, ningeona volti ikizama usiku baada ya usiku, wiki nzima kabla ya vifaranga kufa. Kwa betri ya volti 12 inabeba paneli ya hadi wati 220, na unaweza kupanga mwenyewe volti ya kukatia umeme betri ikishuka. Mwambie fundi achague mpangilio wa lithiamu. Betri ya lithiamu yenyewe inaruhusu kutumiwa asilimia 80 hadi 90. Onyo ni kwamba kipimo cha kilo 28 hakiihusu, maana hata iliyo halali huwa na kilo 10 hadi 13 tu. Hiyo ijaze, iwashie balbu ya taa kubwa ya gari ya wati 55, kisha hesabu saa: zisipofika 20, umeuziwa karatasi.

Anayefuata ni mnunuzi asiyeweza bei ya lithiamu. Achukue betri ya risasi ya sola, si ya gari, iliyovuka kilo 28 kwenye mzani, aiunge na kontrola ile ile, na aiweke nje ya banda penye kivuli. Joto linaloponya vifaranga huiua betri hii: kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha yake kwa karibu nusu.

Mfumo wa inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) pamoja na balbu nyekundu ya wati 250 siupendekezi hata kidogo, ingawa ndio unaopigiwa debe sana. Kwa saa 12 balbu moja inakula wati-saa 3,000, yaani betri tano za risasi. Seti za boksi za bei ya chini huja na balbu za LED, ambazo hutoa mwanga, na joto lake ni kidogo mno; ziache.

Kuhusu wauzaji, nina uchungu. Aliyeniuzia betri alikataa kutazama risiti yangu, akadai nimeitumia vibaya, na waranti ya mwaka mmoja ikaishia hapo mlangoni. Maduka matatu niliyozunguka baadaye mjini yalikataa betri ipimwe, moja likisema mzani utaikwaruza. Kanuni za sola za mwaka 2012 zinawataka mafundi na wauzaji wawe na leseni, ambayo leo hutolewa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, basi uliza uonyeshwe. Na msamaha wa VAT kwa paneli, kontrola na betri za sola uliporejeshwa mwaka 2021, bei katika maduka niliyoyazoea haikusogea hata shilingi moja.

Ukishanunua, usilete vifaranga mara moja. Washa mfumo usiku tatu mfululizo, kisanduku cha vifaranga kikiwa kimetandikwa maranda na kuzibwa upande wa kusi, kisha amka saa kumi na moja alfajiri usome kipimajoto kilicholazwa pale ambapo vifaranga watalala. Kikiwa chini ya nyuzi 32, kwanza ziba matundu na ushushe balbu. Balbu zikiwa zimezima, irudishe betri asubuhi hiyo hiyo, risiti mkononi.