Fenda, boneti au mlango wa mtumba Kampala: anza na ipi, acha ipi

Kabla hujapanda boda kwenda Kisekka, soko la vipuri vya magari, fungua boneti ya gari lako. Kwenye Toyota nyingi utakuta kibati kidogo kwenye ukuta wa nyuma ya injini. Kipige picha. Kina namba ya chesisi, modeli na namba ya rangi: 040 ni nyeupe, 202 nyeusi, 1F7 ile fedha iliyojaa barabarani.

Picha hiyo ndiyo itakayokuokoa, kwa sababu jina la gari halitoshi. Ukisema "Premio" tu utaletewa fenda ya Premio, na bado isikae: ya modeli ya 240 iliyotoka 2001 na ya 260 iliyoanza 2007 ni miili miwili tofauti. Subaru Forester ya modeli ya SG nayo ilibadilishwa uso mwaka 2005, na boneti ya turbo ina tundu la kuvuta hewa ambalo Forester ya kawaida haina.

Ya kwanza kwangu ni mtumba wa Japani wenye rangi yako. Bati ni la kiwandani, matundu yako mahali pake, na rangi ikilingana unaweza kuepuka gharama ya sprei. Ifananishe na gari juani, maana ndani ya duka kila fedha ni fedha. Kama umegonga bampa, taa na fenda kwa pamoja, ulizia nozikati, yaani pua nzima iliyokatwa kwenye gari moja. Vitu vilivyozaliwa pamoja havigombani, na bei ya jumla hupunguzika kuliko kuokota kimoja kimoja.

Ya pili, na najua wengi watanibishia, ni ile ile uliyo nayo. Kama imebonyea katikati tu, huku kingo na sehemu za bolti ziko salama, fundi mzuri wa bodi wa Ndeeba au Katwe atairudisha, na itakaa kuliko ya kubahatisha. Ukingo wa upande wa taa au wa mlango ukishajikunja, au kutu ikishatoboa, achana nayo.

Ya tatu ni ya gari lililopata ajali hapa hapa Uganda. Bei ni nafuu, lakini huenda imeshanyooshwa na kupakwa rangi mara kadhaa. Dai risiti yenye jina na simu ya muuzaji. Vioo na taa vinaibwa mjini kila siku, na hutaki kukutwa na mali ya mtu.

Kopi mpya, yaani ya kuigiza isiyotoka kwa mtengenezaji wa gari, naiweka mwisho. Bati lake mara nyingi ni jepesi na matundu hayalingani, fundi anaanza kutoboa upya. Kwa bampa la plastiki naikubali. Kwa boneti, hapana.

Sasa ukaguzi, na hapa usione haya kuchukua muda. Mwaka jana nilinunua fenda ya kushoto inayong'aa kama kioo. Gereji, fundi akatoa sumaku ya spika ya redio iliyofungwa kitambaa, akaipitisha taratibu. Ikashika, ikashika, ilipofika juu ya upinde wa tairi ikateleza ikaanguka. Akakwangua kidogo kwa bisibisi: chini ya rangi kulikuwa na pati, ile lipu ya kuziba mabonyeo ambayo sumaku haiishiki, nene kama kidole.

"Mzee, hapa umenunua pati," akaniambia.

Nilirudi dukani, muuzaji akakataa kunijua. Tangu hapo sumaku inakaa mfukoni mwangu. Naigeuza fenda pia, natazama upande wa ndani, maana makunyanzi ya nyundo hayafichiki huko. Na kama ya zamani imeshafunguliwa, naenda nayo, naziweka mgongo kwa mgongo na kulinganisha matundu: la bolti, la indiketa ya ubavuni, la klipu za bampa.

Patana na muuzaji kabla ya kulipa kwamba ikikataa unairudisha, na aliandike hilo kwenye risiti. Ipimwe kwenye gari kabla ya rangi yoyote. Bolti za namba 10 zishikwe kwa mkono kwanza, bila kukazwa, kisha mlango ufungwe na boneti ishushwe polepole. Mwanya ukiwa sawa toka juu mpaka chini, mwambie fundi akaze.