Sensa ya joto la hewa: niliibadilisha na kuihamisha sentimita chache tu, gari likatulia

Kwa miezi mitatu Toyota Mark II yangu GX100 ilinitesa kwa jambo moja. Ukiizima ikiwa ya moto, ukakaa dakika kumi dukani, ukiwasha tena inasitasita, na ukikanyaga mafuta haivuti. Ikishatembea kilomita mbili tatu inakuwa nzima kabisa. Injini ni 1G-FE niliyoifunga turbo (ya kuisukumia hewa) na intakula (ya kuipoza hewa hiyo), kontroo boksi, yaani kompyuta ya injini, ni MegaSquirt. Tulibadilisha plagi, tukapima pampu, tukasafisha nozeli. Wapi!

Jibu nililipata siku niliyounganisha laptopu nikiwa kwenye foleni ya Kimara, Dar es Salaam. Nje nyuzi 31, sensa ya hewa inasoma 68. Gereji iliyofunga mfumo ilitoboa manifodi yenyewe (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) na kuikaza sensa humo, kwenye alumini inayopikwa na injini mchana kutwa. Namba niliyoisoma ilikuwa joto la manifodi, hewa inapita zake tu.

Kontroo boksi yangu haipimi wingi wa hewa moja kwa moja, inaupigia hesabu kwa presha na joto. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo ikidanganywa kuwa ni 68 wakati hewa kweli ni 31, inapunguza petroli kwa karibu asilimia 11. Injini inabaki na njaa. Kwenye gari la turbo, ukiendelea kuikanyaga na njaa hiyo unaweza kutoboa pistoni.

Nilinunua sensa aina ya GM yenye kichwa wazi. Ile ya zamani ilikuwa na kichwa cha shaba kilichozibwa, inachelewa sana kushika joto. Hii kidude chake cha kupimia kinaonekana ndani ya kizimba cha plastiki, na hewa inakigusa moja kwa moja. Kabla ya kuifunga niliiwekea mita asubuhi, nyuzi kama 27, ikasoma omu 2,500 na kidogo. Ni sawa, maana jedwali lake ni 3,520 kwa nyuzi 20 na 2,238 kwa nyuzi 30.

Kuna rafiki aliniambia niifunge kwenye boksi la filta. Kwa gari lisilo na turbo ningemsikiliza. Lakini turbo ikishaikandamiza hewa inaipasha sana, na sensa iliyo kabla yake haijui lolote. Kontroo boksi itaacha taimingi (wakati wa plagi kuwaka) mbele na injini itaanza kugonga. Kwa hiyo nimeiweka kwenye bomba linalotoka intakula, kabla ya throto, mlango wa hewa wa injini. Fundi wa kukereza alinitengenezea kipande cha alumini chenye meno ya 3/8 NPT, wa argon akakichomelea. Nilisisitiza kikae ubavuni, juu kidogo, kwa sababu oili ya turbo hujikusanya chini ya bomba na kulipaka kichwa cha sensa. Ncha ifike katikati ya bomba, isiguse ukuta. Waya wa hasi nimeurudisha kontroo boksi, sikuufunga bodi.

Foleni ile ile, saa ile ile, sasa inasoma 44, maana chini ya boneti hewa kweli ni ya moto. Ukishatembea inashuka hadi 35 ndani ya dakika moja. Zamani ilikuwa nifike Kibaha ndipo iwe chini ya 50. Kuwasha ikiwa ya moto hakuna shida tena.

Lawama yangu kwa sensa hii ni plastiki yake. Meno ya NPT hunenepa kuelekea juu, kwa hiyo yanazidi kubana kadiri unavyokaza, na sensa ya kwanza ilipasuka shingoni nilipoiongezea nusu mzunguko kwa spana. Ya pili nilizungushia tepu nyeupe kidogo, nikakaza kwa mkono mpaka ikagoma, kisha robo tu. Haivujishi hewa hata turbo ikijaza. Kila nikimwaga oili huitoa, nikaipulizia kisafisha sensa, nikairudisha.