Kanda za harusi: urekebishe mwanga unaponasa, au baadaye?

Nikiletewa kanda za VHS za harusi za hapa Mombasa nizinase, yaani nizigeuze faili za kompyuta, kwanza hutazama kanzu ya bwana harusi. Video ya biti 8, ile ya kawaida, ina ngazi za mwanga 0 hadi 255. Nyeusi hukaa 16, nyeupe 235. Kanzu ikigonga 255 wakati wa kunasa, darizi ya shingoni inageuka bapa jeupe, na hakuna programu itakayoirudisha. Mabuibui nayo yakizama hadi 0, yamekwenda. Hapo kushusha kontrasti (tofauti ya mwanga na giza) mapema, kwenye mipangilio ya kifaa cha kunasia, hakuna mpinzani.

Ukihesabu muda wa kazi, mambo hugeuka. Uani mchana na ukumbini usiku si mwanga mmoja, na kukaa na kanda saa tatu ukichezea vitufe ni adhabu. Baadaye unarekebisha kipande kwa kipande, ukikosea, unarudi. Ila faili ghafi zinakula diski, na ukivuta sana giza, chengachenga zinaibuka.

Kanda ina ukungu, deki inasuasua? Nasa mara moja, uache nafasi juu ya nyeupe na chini ya nyeusi, kazi iliyobaki ifanye baadaye. Una kabati zima lililorekodiwa kwa kamera ileile? Jaribu dakika chache zenye kanzu, funga mipangilio, endelea.