Ella na Louis, gizani

Nilianza nayo vibaya. Mara ya kwanza niliweka albamu ya jazi ya Ella and Louis Jumamosi mchana kwenye spika ya sebuleni, watoto wanakimbizana, blenda inanguruma jikoni. Nikaona ni nyimbo 11 za polepole zinazofanana, nikazima kabla haijafika nusu.

Wiki iliyofuata umeme ukakatika. Nikajilaza na hedifoni, simu imebaki na chaji kidogo, nikairudia. Kwenye wimbo wa Cheek to Cheek anaanza Louis Armstrong, na ile sauti yake ya kukwaruza kama sufuria linalosuguliwa kwa mchanga. Kisha anaingia Ella Fitzgerald, sauti haina hata kovu, na wala hajisumbui kumfuata. Siku zote nilidhani wawili wakiimba pamoja lazima sauti zao zioane. Hizi hazioani hata kidogo, na raha yote iko hapo: kama kuwasikiliza watu wawili wanaopiga soga chumba cha pili, kila mtu na lafudhi yake.

Ilirekodiwa Los Angeles tarehe 16 Agosti 1956, siku moja tu baada ya wote wawili kupanda jukwaani Hollywood Bowl mbele ya umati. Labda ndiyo maana wanaimba kama watu waliorudi nyumbani wakavua viatu. Hata kwenye jalada wamekaa vitini, soksi za Louis zimeshuka hadi kwenye vifundo.

Mtayarishaji, Norman Granz, aliwawekea wapigaji wanne: Oscar Peterson piano, Herb Ellis gitaa, Ray Brown besi, Buddy Rich ngoma. Rich alisifika kwa kishindo, lakini hapa anapapasa kwa brashi, utadhani mtu anafagia ua alfajiri asiwaamshe wenye nyumba. Brown naye ni mtalaka wa Ella, waliachana 1953. Anapiga besi zake taratibu huku Ella anaimba mahaba na mwanamume mwingine. Mimi ningeomba ruhusa siku hiyo.

Anayetafuta muziki wa kuchangamsha sherehe asihangaike nayo. Hata mimi naona katikati inapooza, wimbo wa taratibu unafuatwa na mwingine wa taratibu zaidi. April in Paris, wa mwisho, ni wa zaidi ya dakika sita, na usiku ule sikuufikia. Nilishtuka asubuhi, hedifoni bado masikioni, simu imezima.