Video safi, ratiba ya hovyo

Nimekuwa nikitumia programu ya simu ya kuimarisha tumbo na kiuno kwa wanyanyua vyuma. Video hazina shida. Kilichonichefua ni siku moja ya ratiba: planki (kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka) seti 5 za dakika 2, halafu papo hapo usukume chuma juu ya kichwa kwa asilimia 85 ya uzito mkubwa kabisa unaoweza kuusukuma mara moja. Hivi nani kapanga hii?

Misuli ya tumbo na kiuno kazi yake hapo ni kuzuia mgongo usibinuke. Ukiichosha kwanza, mbavu zinachomoza mbele, kiuno kinajikunja kwa nyuma, na mzigo unahamia kwenye pingili za chini za mgongo. Chuma kinakwama usawa wa utosi, unadhani mabega ndiyo mabovu kumbe wala. Kubinuka huku huku ndiko kulikowasumbua waamuzi, na mtindo wa kusukuma chuma juu ya kichwa ukaondolewa kwenye unyanyuaji vyuma wa Olimpiki baada ya mwaka 1972. Si jambo geni hili.

Nikamuuliza kocha wao. Jibu: "Kiuno kikiuma ujue tumbo lako dhaifu, ongeza planki." Ebo! Hakuuliza hata ninasimamaje.

Chuma kizito kinapigwa mwili ukiwa bado mbichi. Kabla yake ni kuamsha misuli tu: planki ya ubavu, sekunde 10 kila moja, mara 6, kisha 4, kisha 2 kila upande. Ukishika chuma, vuta pumzi ishuke mpaka ubavuni na kiunoni, isiishie kifuani. Shusha mbavu, kaza makalio, kaza tumbo kama unayesubiri ngumi, ndipo usukume. Pumzi iachie chuma kikishapita kichwa. Kazi ya kuchosha tumbo iwe mwisho: beba dambeli nzito mkono mmoja, tembea mita 20 hadi 30 bila kuinamia upande.

Haki yao niwape: zoezi la kusukuma mkanda wa raba mbele ya kifua huku inakuvuta pembeni wamelieleza vizuri sana, hadi upana wa miguu. Kwa hilo nilitaka kuwapa nyota 3. Halafu nikafika wiki ya kusukuma chuma umelalia mpira mkubwa, eti kujenga nguvu za kifua! Kwenye mpira nguvu nyingi zinaishia kutafuta mizani, uzito lazima upunguze, kifua kitakua na nini? Nyota 1. Planki za dakika 2 siku ya chuma kizito siziwezi tena, na programu kila nikiifungua inanilaumu kwamba wiki haijakamilika.