Snapseed na nyuso za kijani chini ya turubai

Anayepiga picha za harusi Tanga anaijua shughuli ya turubai. Saa tisa alasiri jua linapenya kitambaa cha kijani, na kila aliyekaa chini yake anachukua rangi hiyo: mashavu, shela, hata sinia la pilau. Bi harusi aliyeshinda kwa mpambaji tangu asubuhi anatokea kama mgonjwa. Picha za namna hiyo ndizo ninazozisafisha kwa Snapseed, programu ya kuhariri picha, kwenye simu yangu ya Android, na ninamshauri kila mpiga picha anayeanza aijaribu kabla hajalipia programu yoyote. Ni ya bure, haina matangazo, haigongi nembo yake kwenye picha.

Ndani ya programu, kifaa cha kazi hii kinaitwa White Balance, yaani cha kusawazisha rangi ili cheupe kionekane cheupe. Ndani yake mna Temperature, inayovuta picha kati ya bluu na njano, na Tint, inayoivuta kati ya kijani na majenta (waridi iliyokolea, inayoelekea zambarau). Wengi wanaishia kwenye Temperature, kisha wanalalamika kwamba uso umetoka kwenye kijani ukaingia kwenye rangi ya chungwa chafu. Kijani cha turubai, sawa na kile cha taa za tyubu, dawa yake ni Tint: vuta taratibu kuelekea majenta mpaka midomo irudi kuwa midomo. Temperature iachie umanjano wa balbu za zamani, ambazo mwanga wake uko karibu kelvini 2,700 hadi 3,000 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), ilhali jua la mchana liko karibu 5,500. Usitafute tarakimu hizo humo ndani, maana kipimo chake ni cha kujumlisha na kutoa tu. Utaongozwa na jicho lako.

Kuna pia alama ya kuchagulia rangi: unaigusisha mahali panapopaswa kuwa peupe au pa kijivu, nayo inarekebisha picha nzima. Mahali pa kugusa ndiyo siri yote. Shela iliyoungua kwa mwanga haifai, kwa sababu pale hakuna rangi iliyobaki ya kupima. Kanzu nayo uiangalie vizuri. Nyingine ni za maziwa, na ile iliyosuuzwa kwa bluu ya kufulia ina ubluu wake yenyewe. Ukiigusa hiyo, uso wa bwana harusi unageuka manjano. Mimi huchagua sahani nyeupe ya udongo iliyokaa kwenye mwanga uleule wa watu.

Kitufe cha AW, kinachorekebisha chenyewe, nakiacha. Kinamama thelathini wakikaa pamoja na sare ya njano, programu haina namna ya kujua kwamba njano ile imenunuliwa dukani. Inadhani ni kosa la mwanga, inaivuta kuelekea bluu, na ngozi zinakuwa za majivu. Kwa ngozi zetu nyeusi kosa hilo huonekana haraka sana, na kwangu mimi ngozi ndiyo picha.

Lakini kilichonifunga kwa programu hii ni View edits, orodha ya marekebisho uliyokwisha kuifanyia picha. Chini ya turubai mara nyingi watu wako kwenye kijani huku uwanja nyuma yao uko kwenye jua safi. Ukisawazisha nyuso, mchanga wa nyuma unaingia waridi. Fungua View edits, gusa hatua ya White Balance, chukua brashi, kisha pakaza rekebisho kwenye nyuso na nguo tu. Ukingoni mwa kilemba shusha nguvu ya brashi hadi 50 au 25, ili ukingo wa rekebisho usionekane. Ni kazi ya dakika chache kwa picha moja, kwa hiyo naiweka kwa zile zitakazoingia kwenye albamu.

Kamera au simu yako ikiweza kutoa DNG, yaani faili ghafi la picha, piga kwa DNG. Faili hilo linafunguka kwenye Develop, kifaa cha Snapseed cha faili ghafi, na rangi inavutika mbali zaidi kuliko kwenye JPEG, faili la kawaida la picha, ambayo kamera imeshaiamulia rangi na kuibana.

Taa za bluu za jukwaani ni habari nyingine. Mtu akimulikwa kwa LED ya bluu tupu, wekundu wa ngozi haukufika kabisa kwenye kamera, na hakuna programu itakayourudisha. Picha hizo nazigeuza nyeusi na nyeupe, na mwenye harusi namweleza sababu siku ileile ninapomkabidhi kazi.