digiKam au Lightroom Classic kwa Picha za Nyumbani

Kwa mkazi wa Mwanza ambaye kompyuta yake imejaa picha za Jiwe la Bismarck, harusi za ndugu na mitumbwi ya Kirumba, tofauti ya kwanza kati ya digiKam na Lightroom Classic, programu za kupanga na kuhariri picha, ni malipo. Lightroom Classic ya Adobe hutumiwa kwa usajili wa kulipia, na usajili ukikoma, picha huendelea kuonekana lakini sehemu ya uhariri hufungwa. DigiKam ni ya bure, iwe kwenye Windows, macOS au Linux.

Katika kupanga, naipendelea digiKam, kwa kuwa lebo na maelezo yake huweza kuandikwa ndani ya faili lenyewe na hivyo kuifuata picha popote inakohamishiwa. Zote mbili hutambua nyuso bila kupeleka picha kwenye intaneti.

Uhariri ni habari nyingine. Picha iliyopigwa jioni kuelekea ziwani, maji yakimeremeta huku nyuso za wavuvi zikiwa gizani (na nani huku hana picha ya namna hiyo?), hurekebishika vizuri zaidi katika Lightroom Classic, ambayo huweza kulitenga anga na kulipunguzia mwanga bila kuwagusa watu wala kuharibu faili asilia. digiKam hufaa zaidi kwa marekebisho ya picha nzima. Kwa kazi ya sehemu moja moja, mtumiaji wake ataongeza GIMP, programu ya kuhariri picha ambayo nayo hailipiwi.